Ajali ikitokea, konda hubaki konda

Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, saa moja na robo asubuhi, pale Maji ya Chai kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi. Hiace iliyokuwa mbele yetu ilimkwepa mbuzi, ikateleza, ikalala ubavu ndani ya mtaro. Dereva wetu akasimama, tukashuka. Hapo ndipo nilipojua jambo nisilolipenda kuhusu nafsi yangu: nilisimama pembeni na simu mkononi, sipigi simu wala sipigi picha, kwa muda ambao sasa naukadiria kuwa dakika mbili au tatu. Nilikuwa natazama tairi la nyuma likizunguka.

Wengine walishaingia kazini. Walikuja bodaboda wanne kutoka kijiweni. Mmoja alikata matawi ya mti akayatandaza juu ya lami pande zote mbili, ili magari yanayokuja yajue kuna jambo. Mwingine alikuwa anapaza sauti, "Zima swichi! Dereva, zima swichi!" Kijana mwenye ovaroli la grisi, sijui alitokea gereji gani, alichomoa waya wa betri bila kuagizwa na mtu. Konda, mguu umevunjika na anajua umevunjika, alikuwa ameegemea ukingo wa mtaro akihesabu kwa sauti waliotolewa: "Kumi na tatu. Kumi na nne. Bado mama mmoja na mtoto, walikaa nyuma dirishani." Alijua kwa sababu alikuwa ametoka kuwadai nauli.

Wakavunja kioo cha nyuma. Mtoto akatoka analia, na kilio kile kilimfurahisha kila mtu. Mama yake alipotolewa, muuza ndizi mmoja alifungua kanga yake ya juu akamfunika, maana gauni lilikuwa limechanika. Kisha kijana wa bodaboda akanigeukia: "Oya, braza wa koti, shika huku!" Nikashika. Ni kama mtu alinitia ufunguo.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma watafiti wanasema nini kuhusu watu wa kawaida maafa yanapowakuta ghafla. Nilitarajia kukuta maelezo ya mashujaa na waoga. Nilichokuta kinafanana zaidi na yule konda.

Tuanze na neno linalotangulia katika kila taarifa ya maafa: taharuki. "Wananchi wametakiwa kuondoa taharuki." Picha iliyo nyuma ya neno hilo ni ya umati uliopoteza akili, watu wanakimbia ovyo, kila mtu na lake. Wanasosholojia wameitafuta picha hiyo kwa zaidi ya miaka sitini, na mara nyingi hawakuiona. Enrico Quarantelli, mmoja wa waanzilishi wa kituo cha utafiti wa maafa kilichoanza mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani, alitumia maisha yake ya kazi kuchunguza watu waliopitia mafuriko, matetemeko, vimbunga na mioto. Alikuta watu wenye hofu nyingi na akili zao wakiwa nazo. Hofu na taharuki ni vitu viwili. Anayeukimbia moto yuko timamu kabisa. Asiyekimbia ndiye wa kutiliwa shaka.

Baada ya mabomu ya London ya tarehe 7 Julai 2005, John Drury wa Chuo Kikuu cha Sussex na wenzake walikusanya maelezo ya manusura waliokuwa ndani ya treni za chini ya ardhi. Giza, moshi, hakuna mawasiliano na juu, na hawajui kama kuna bomu jingine. Wengi walieleza watu waliokuwa wakigawana maji, wakifunga majeraha kwa nguo zao, wakishikana mikono na mtu ambaye dakika kumi kabla wasingemsalimia. Ubinafsi ulikuwepo, lakini kwa uchache.

Basi kama taharuki ni nadra, watu hufanya nini? Jibu lililonikaa zaidi linatoka kwenye moto wa ukumbi wa starehe uitwao Beverly Hills Supper Club, jimbo la Kentucky, tarehe 28 Mei 1977. Watu 165 walikufa. Watafiti waliochambua maelezo ya waliopona waliona kwamba wahudumu walielekea kuwatoa wageni wa meza walizokuwa wakizihudumia. Meza ya jirani ilikuwa ya mhudumu mwingine. Yaani ukumbi unaungua, na bado mtu anafuata mgawanyo wa kazi wa jioni ile. Kazi imehama tu kutoka kupeleka sahani hadi kuokoa roho.

Nilipofika hapo nikamkumbuka konda na hesabu yake. Na fundi aliyekwenda moja kwa moja kwenye betri, na bodaboda aliyewaza kwanza magari yanayokuja, kwa kuwa kutwa nzima maisha yake yanategemea magari yanayokuja. Hakuna aliyegeuka mtu mwingine. Kila mmoja aliingia kwenye ajali na kazi yake ya jana.

Ukiwa na jicho hilo, mambo mengi ya huku kwetu yanaeleweka. Oktoba 2020 moto ulizuka Whona, mahali pa kupumzikia kati ya Mandara na Horombo katika njia ya Marangu, ukaunguza zaidi ya kilomita za mraba 90 za Mlima Kilimanjaro. Waliopanda kuuzima hawakuwa askari wa hifadhi peke yao: walikuwepo wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, wanavijiji, waongoza watalii na wapagazi. Gari la zimamoto halifiki kule. Anayefika ni mtu aliyezoea kubeba mzigo wa kilo 20 mahali ambapo pumzi yenyewe ni ya kutafuta, anayejua maji yako wapi na upepo hugeuka saa ngapi. Mpagazi, au mgumu kama wanavyoitana wenyewe, alikuwa na mafunzo ya zimamoto ya mlimani bila mtu yeyote kuyaita hivyo. Vivyo hivyo Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoangukia Ziwa Victoria ikiwa na watu 43. Wavuvi walifika na mitumbwi kabla ya vyombo vya uokoaji, kwa sababu wavuvi walikuwa tayari ziwani. Watu 24 walitoka hai. Kijana mmoja kati ya wavuvi wale, Majaliwa Jackson, alijulikana nchi nzima, na Serikali ikaelekeza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wengi walilipokea hilo kama zawadi ya ushujaa. Mimi nililiona kama kukiri kwamba kazi ya uokoaji ilikuwa imeshafanyika kabla ya ajira.

Lakini mazoea ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kinachomsaidia konda kuhesabu ndicho kinachomfanya mtu mwingine achelewe kutoka. Manusura wa majengo pacha ya New York mwaka 2001 walieleza jinsi walivyozima kompyuta, wakapiga simu, wakakusanya mikoba, wakaulizana "ni nini hicho?" kabla ya kushika ngazi. Akili hujaribu kwanza kulieleza jambo kubwa kwa maneno madogo: labda ni moshi wa jikoni, labda king'ora kimeharibika, labda maji yatapungua. Dereva anayeangalia korongo limejaa maji ya masika anawaza kwamba jana alipita, na juzi alipita. Kosa liko hapo mara nyingi zaidi kuliko kwenye kukimbia ovyo, na ndiyo maana inanikera ofisi inapochelewesha tahadhari "ili isizue taharuki". Inakinga kitu ambacho hutokea mara chache kwa kuongeza kile kinachotokea karibu kila mara, yaani kuchelewa.

Sasa nirudi kwangu na tairi langu linalozunguka.

Watu husimulia sana kisa cha Kitty Genovese, mwanamke aliyeuawa New York mwaka 1964, eti mashahidi 38 walitazama wasifanye kitu. Habari ile ilikuja kuonekana imetiwa chumvi. Wengi wa majirani waliona kipande au walisikia tu, na wapo waliofanya jambo. Lakini ilizaa utafiti wa maana. Mwaka 1968 John Darley na Bibb Latané waliwaweka wanafunzi vyumbani, kila mmoja peke yake, wakazungumza kwa kipaza sauti. Ghafla mmoja wa wazungumzaji akaigiza kushikwa na kifafa. Wale walioamini ni wao peke yao wanaosikia, asilimia 85 walitoka kwenda kuita msaada kabla mgonjwa hajanyamaza. Walioamini kuna wengine wanne wanaosikia, asilimia 31. Hawakuwa na roho mbaya. Kila mmoja alikuwa anasubiri dalili kutoka kwa mwenzake, na mwenzake alikuwa anasubiri dalili kutoka kwake.

Kwa miaka mingi utafiti huo ulifundishwa kana kwamba umati hausaidii. Mwaka 2019 Richard Philpot na wenzake waliangalia ugomvi halisi 219 ulionaswa na kamera za mitaani Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika asilimia 91, angalau mpita njia mmoja aliingilia kati, na kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa kupatikana msaidizi ulivyoongezeka. Tafiti hizi mbili hazigombani kama zinavyoonekana. Ya kwanza inamuuliza mtu mmoja mmoja: wewe utatoka? Ya pili inamuuliza aliyeanguka: nitapata msaada? Katikati ya watu wengi, mimi naweza kuganda na wewe bado ukaokolewa. Ndivyo ilivyokuwa Maji ya Chai. Na aliyenigandua alitumia dawa ambayo wakufunzi wa huduma ya kwanza huifundisha: usiseme "jamani saidieni", mtaje mtu. Braza wa koti. Mama wa ndoo. Wewe mwenye kofia, piga 114.

Nani husaidiwa, hilo ni swali lenye aibu kidogo. Mark Levine na wenzake katika Chuo Kikuu cha Lancaster walifanya jaribio na mashabiki wa Manchester United. Shabiki anatembea, mbele yake mtu anaanguka na kushika kifundo cha mguu. Akiwa amevaa jezi ya Manchester United, anasaidiwa. Akivaa ya Liverpool, wengi wanapita. Kisha wakarudia, safari hii mashabiki wakiwa wameongeleshwa kwanza juu ya kuupenda mpira kwa jumla badala ya timu yao. Wa Liverpool naye akasaidiwa. Weka Simba na Yanga hapo, utaona hatuhitaji mkalimani.

Drury anasema maafa yenyewe huvalisha watu jezi moja. Abiria wa Hiace hawana undugu hadi Hiace ipinduke. Ikipinduka, wanakuwa "sisi tuliokuwa ndani". Hivyo ndivyo ilivyokuwa tarehe 6 Mei 2017, basi la wanafunzi wa darasa la saba wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilipotumbukia korongoni Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Wamarekani waliokuwa wakipita njia ile wakasimama kusaidia, na watoto watatu waliopona wakaja kupelekwa kutibiwa kwao, Iowa. Siku ya kuaga miili uwanja wa Sheikh Amri Abeid ulijaa watu ambao wengi hawakuwa na mtoto katika shule ile. Jezi ilikuwa imeshapanuka hadi kuwa mji mzima. Ila tusijidanganye kwamba hupanuka kila mara. Angekuwa aliyelala kwenye ule mtaro wa Maji ya Chai ni kijana anayedhaniwa kuiba kuku, sina hakika kama kanga ingefunguliwa.

Pana tukio moja la Moshi ambalo huletwa kama ushahidi kwamba watu wetu hukosa akili: Majengo, jioni ya tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walipokufa katika ibada uwanjani, umati ukielekea kukanyaga mafuta ya upako. "Walikanyagana," tulisema wote, na kitenzi hicho kikamaliza uchunguzi. Wanaochunguza vifo vya namna hii duniani wanaeleza kitu tofauti. Watu wakifika sita au saba katika mita moja ya mraba, mtu hawezi tena kuamua aende wapi. Miili inasukumwa kama maji kwenye mfereji, na kifua hakipati nafasi ya kupanuka. Wengi hufa kwa kukosa pumzi, wengine wakiwa bado wamesimama. Aliye nyuma haoni kilicho mbele. Anahisi tu foleni imesimama, anasogea hatua moja, na hatua hiyo moja ikizidishwa kwa mamia ndiyo inayoua. Hakuna aliyekusudia, na si lazima awepo hata mmoja aliyetaharuki. Ukilielewa hivyo, unaacha kuwahubiria watu wasisukumane, unauliza mageti yalikuwa mangapi, upana wake, na nani alikuwa anahesabu wanaoingia. Sisi huwa tunapenda zaidi kuhubiri.

Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ni gumu zaidi. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja na madumu, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Baada ya hapo yalisemwa maneno ya laana ambayo sitayarudia. Nilichokiona mimi ni mazoea yaleyale upande wake mbaya. Kwa mtu ambaye kila siku hununua petroli kwa chupa, petroli inayotiririka chini ni mali inayopotea. Hakuiona kama moto unaosubiri cheche. Hata vibaka wanaokagua mifuko ya majeruhi, nao wapo, tusifiche, walikuwa vibaka kabla ya ajali. Ajali haikuwaumba.

Kwa hiyo ukitaka watu wasaidie vizuri zaidi, kazi iko katika siku za kawaida. Pale Maji ya Chai nia ilitosha na kubaki, ujuzi ndio ulipungua. Mzee mmoja alivutwa kwa mikono miwili kichwa kikining'inia, na kama shingo ilikuwa imeumia tuliimaliza sisi. Gari halikuwa linawaka, tungeweza kusubiri watu wa kumshika kichwa na mwili vikaenda pamoja. Kuna aliyempa maji mama aliyekuwa nusu fahamu, akapaliwa. Kwa upande mwingine, damu ya mkononi mwa dereva ilizuiwa na dada aliyekandamiza jeraha kwa kitambaa bila kuachia hadi hospitali, na hilo ndilo hasa linalotakiwa. Vijana wa bodaboda wapo kwenye kila njia panda, saa zote, na hufika kabla ya yeyote. Kuwafundisha nusu siku kuzuia damu na kubeba mtu mwenye shingo ya kutilia shaka kungeokoa wengi, naamini hivyo, kuliko magari mawili mapya ya wagonjwa yaliyoegeshwa Arusha mjini. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka ziwepo kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Muulize mwenyekiti wako kama amewahi kuiitisha.

Kuna pia hofu ya karatasi. Watu wengi humkwepa majeruhi kwa kuwaza PF3, ile fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, na maelezo ya polisi: "Nitaulizwa mimi ndiye nimemgonga." Serikali imeshasema mara kadhaa kwamba mwenye dharura atibiwe kwanza na fomu ifuate, lakini kauli haijawa mazoea, na tumeshaona mazoea ndiyo yanayoendesha mambo.

La mwisho ni wimbi la misaada. Mwaka 1957 Charles Fritz na J. H. Mathewson waliandika kuhusu tabia ya watu, habari na vitu kumiminika kuelekea kwenye maafa hadi kuziba njia. Ukitazama picha za ajali yoyote ya barabara hii utaielewa: duara la watu nene kiasi kwamba machela haipiti. Nguo kuukuu ni mfano mwingine, zinajaa stoo huku kinachohitajika ni sufuria na blanketi. Baada ya tope la Mlima Hanang kuifunika Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, kikundi chetu cha kuzikana kilichangisha magunia matatu ya nguo. Mama mweka hazina akauliza swali ambalo lilitupasa wote kuliuliza: "Kuna mtu amepiga simu huko kuuliza wanakosa nini?" Hakuna aliyekuwa amepiga. Tukauza nguo mnadani, tukatuma pesa.

Wiki mbili baada ya ile ajali nilishuka tena Maji ya Chai makusudi. Muuza ndizi alikuwepo, kanga nyingine kiunoni. Nilimuuliza kama ile ya kwanza ilirudi. Alicheka. "Ilienda na yule mama kwenye gari, nitaidai kwa nani?" Akanifungia ndizi zangu kwenye gazeti, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza yeye, kwa kuwa mimi ndiye niliyepanda na majeruhi hadi hospitali: "Yule mtoto alipatiwa mtu wa kukaa naye? Maana nilitaka nimchukue, nikaona ndizi nitamwachia nani."

Nikamwambia konda alikuwa amempigia simu baba yake. Namba aliipata kwa yule mama mwenyewe njiani, akaikariri, kwa kuwa kalamu ilipotelea mtaroni.